Macho ya Ndama

Leo nimeumbuka. Hasara nimeihesabu mara mbili: sentensi moja, na jina langu lote.

Jamaa zangu wa Usumbura, mnajua pale soko la Uvira wananiita Wembe. Mtu akinipandishia bei, namtukana kwa adabu mpaka anacheka na kuipunguza mwenyewe. (Mama mmoja nilimwambia ndagala wake, visamaki vya ziwani, wamekonda kwa kufunga Kwaresima. Akaniongezea kopo zima!)

Sasa kuna Nyamahoro, binti anayeshuka na siagi kutoka Bijombo, kule milimani kwa wafugaji. Juma lililopita nilimwambia, "Dada, siagi yako ingali maziwa."

Hata hakuniangalia. "Na weye ungali mutoto, lakini mama yako amekuacha uje sokoni."

Wauza ndagala walicheka mpaka wakasahau kufukuza nzi.

Juma zima nimekuwa nikinoa jibu. Leo nikavaa shati la Misa, nikangoja soko lijae, nikasimama mbele yake.

"Dada, macho yako ni ya ndama. Na mwendo wako, ng'ombe mtupu!"

Nikavua kofia kupokea vicheko. (Ndiyo, niliivua kabisa.)

Badala yake watu wote wa milimani wakapiga makofi! Nyamahoro akainamisha uso. Bibi mmoja akafuta machozi: "Vijana wa leo hawajui tena kusema maneno kama haya."

"Bibi, nimemtukana!"

"Na tena ana haya," akasema bibi. "Amelelewa vizuri."

Muuza tumbaku akanivuta shati. "Mujinga weye! Kwao hiyo ni sifa ya binti mzuri kuliko wote. Umeposa!"

Kabla sijapata njia ya kutoka, kaka yake Nyamahoro, mrefu kuliko fimbo yake, alikuwa ameshanishika mkono.

"Shemeji, weye iko na ng'ombe ngapi?"

"Minye? Minye iko na bata."

"Bata ngapi?"

"Watatu." (Nikawahesabu tena kichwani. Watatu.)

Hapo Nyamahoro akainua yale macho. Kusema kweli, ni mazuri. "Kaka, usimuharakishe. Si nilisema angali mutoto? Tungojee. Labda hao bata watakomaa wawe ng'ombe."

Soko likalipuka. Hata bibi wa machozi alicheka, akashika ubavu.

Jumapili wanakuja kuwaangalia bata. Msicheke, nishaurini upesi: niombe radhi, au niombe ng'ombe?