Kihispania cha Bure

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba Isbrand katangaza leo mezani. Macho yake yamechoka, hawezi tena kupeleka jibini mjini Chihuahua. Pikapu atapewa mpwa atakayeweza kuongea na wenye maduka kwa Kihispania cha kueleweka. Wapwa tuko wawili. Mimi, na Diedrich.

Diedrich! Mtu anayepiga pasi soksi!

Nimekamua ng'ombe tangu nina miaka sita. Nikilikosa pikapu hili, nitakamua mpaka nizikwe. Tatizo moja tu: Kihispania changu ni cha kuagizia soda. Sisi Wamenonaiti, Waprotestanti wa asili ya Kijerumani, tumeishi Meksiko miaka mia, lakini huku kwenye koloni, makazi yetu wenyewe, ni Kijerumani chetu tu, hata na ng'ombe.

Jumatano, 6 Machi

Diedrich kajiandikisha shule ya jioni kwa mwalimu Rosaura, mji wa jirani wa Cuauhtémoc. Ana daftari. Ana kalamu za rangi mbili. Mjomba kamsifu, eti kijana ana mipango. Kwani mimi sina? Nilipita shuleni kuulizia, nikaambiwa kuna kazi za nyumbani. Mtu mzima mwenye meno yote, apewe kazi za nyumbani! Nikageuza baiskeli palepale.

Mimi nimepata mwalimu wa bure. Bibi Eduviges, mjane wa miaka themanini na ushee, anauza mikate ya mahindi yenye maharage karibu na kituo cha mafuta. Anaongea toka asubuhi mpaka jioni bila kumeza mate. Mimi nakaa kwenye ndoo, nakula, narudia anachosema. Diedrich anapata somo la saa moja. Mimi la kutwa nzima! Hesabu hiyo hata ndama anaijua.

Jumamosi, 23 Machi

Naenda mbio. Bibi akisema magoti yanamuua, nami nasema magoti yananiua. Akishusha pumzi, nashusha. Lugha lazima ishikwe nzima nzima, si nusu nusu. Leo kanifinya shavu: "Mjukuu wangu, sasa unaongea kama mtu! Hebu kula, umekonda kama waya."

Nimemuuliza Diedrich kama mwalimu Rosaura amewahi kumfinya shavu. Kakasirika. Wivu huo.

Jumapili, 14 Aprili

Aibu! Na kosa si langu.

Tumetoka ibadani. Mjomba, ambaye ni shemasi, kaniomba niwasemee wazee kidogo Kihispania. Nikaeleza vizuri sana habari za mvua kuchelewa. Mwishoni nikafanya kama bibi anavyofanya kila akimaliza kusema: kidole kwenye paji la uso, kifua, bega, bega, kisha nikabusu kidole gumba. Mimi nilidhani ndiyo nukta!

Wazee wakawa weupe kuliko walivyozaliwa. Mjomba kanivuta pembeni, akaniuliza tangu lini nimekuwa Mkatoliki. Nikamwambia ni sarufi. Diedrich akadakia, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba mwalimu Rosaura hafundishi hivyo. Nani kamuuliza? Kimbelembele kikubwa! Sikula mchana kwa hasira. Nilikula baadaye, jikoni, nimesimama.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya mtihani. Tumekwenda Chihuahua kwa Bwana Baltazar, mwenye maduka matano. Akinunua huyo, wengine wote wanafuata.

Diedrich katangulia. Kasimama kama mlingoti. Kasema habari za asubuhi, hii ni jibini yetu, imetengenezwa jana, karibu uonje. Basi! Sentensi tatu nne, kamaliza! Nilimwonea huruma kabisa.

Zamu yangu. Nikaingia polepole, mkono kiunoni. Nikashusha pumzi. Nikaachia: "Ee mwanangu, Mungu akuweke. Magoti haya yananiua. Tangu Crescencio wangu aniache, sina hata wa kunikanda mgongo. Haya, jibini hii hapa baba, kula, mbona umekonda hivyo?"

Binti wa kaunta akaangukia mzani kwa kicheko. Wachukuzi wakatua magunia. Bwana Baltazar, machozi yanamtiririka, akauliza Crescencio ni nani. Nikajibu ni marehemu mume wangu. Mtu akishazoea maneno yanatoka yenyewe! Wakaniletea kiti. "Kaa bibi, kaa upumzishe miguu! Mpeni bibi maji!" Nikakaa. Kukataa kiti ni utovu wa adabu.

Jibini ya Diedrich Bwana Baltazar kachukua yote, na kaagiza nyingine. Yangu kairudisha, akisema hawezi kumpunja mjane. Jibini ileile, ya maziwa yaleyale niliyokamua mimi!

Tulipofika nyumbani, ufunguo wa pikapu Mjomba kampa Diedrich. Mimi kanipa ndoo.

Nimeumia. Nasema kweli, nimeumia. Miezi miwili nimekalia ndoo kwa bibi, na leo narudi kwenye ndoo!

Jumanne, 7 Mei

Nimekamua kwa hasira. Ng'ombe naye kanichapa mkia usoni.

Nimekwenda kumlalamikia Bibi Eduviges. Kacheka mpaka kakohoa, kanipa mikate miwili, kaniambia nioe. Nimeila kwa kinyongo. Lakini nimefikiri kwa makini, nimegundua nilipokosea: nilichagua mwalimu mzee mno.

Shule? Ng'o! Nimeshapata mwalimu mwingine, wa bure, tena kijana. Kuna gari linazunguka mjini likinunua vyombo vibovu vya umeme na chuma chakavu, kipaza sauti juu. Anayenadi ni msichana mdogo, kanaswa kwenye kanda. Sauti safi. Hakohoi, hana marehemu, na anarudia maneno yaleyale mtaa hadi mtaa. Nani atafundisha kwa subira namna hiyo? Nimelifuata kwa baiskeli asubuhi nzima, nikirudia kwa nguvu, kwa sauti nyembamba vilevile.

Mchana nimejipima mbele ya duka la dawa. Nimesimama wima, nimepaza sauti, nimesema yote bila kukosea. Mama mwenye duka katoka mbio, kaburuta friji bovu, kanisukumia.

Ameelewa kila neno! Diedrich na daftari lake, nani amewahi kumpa friji?