Kamba ya Kalunde na Namba Isiyo na Mwisho

Sogeeni, enyi watu wa Machakos, nanyi mlioko ng'ambo ya Mto Athi! Tueni majembe, punguzeni redio, niwasimulie siku ile Kalunde wa Katelembo, Malkia wa Mitungi, Mpanda-Vilima Asiyemwaga Tone, alipokabiliana na namba isiyo na mwisho.

Mwethya, jeshi la majirani wanaosaidiana kazi, lilikuwa limefika kumjengea tangi la maji, na mawingu yameshatanda juu ya vilima vya Mua. Sheria ya jeshi hilo ni kali: boma lisilokamilika leo hurukwa hadi msimu ujao. Kalunde alikwisha kurukwa mara mbili. Malkia huyo, nasema wazi, alikuwa karibu kulia.

Msingi wa duara ulikuwa na upana wa mita mbili. Ilibaki kukata waya wa kuuzunguka, wa kushikilia saruji ya ukuta. Ndipo akainuka Chairman Mbithi, Simba wa Ajenda, koleo mkononi.

"Wananchi! Duara ni upana mara tatu. Mita sita! Hiyo kitu kidogo inabaki, mimi siioni kwa minutes."

Akajibu Levi, mwana wa Kalunde, Mwenye Simu, aliyewasili kutoka Mlolongo: "Chairman, ukikata sita, tangi itabaki mdomo wazi! Ni sita nukta mbili nane tatu moja nane... ngoja, bado iko na zingine."

"Inaisha wapi?"

"Haiishi, mzee. Ni milele."

"Sasa unataka mwethya ikate waya ya milele?"

Jeshi likapiga kura. Mita sita ikashinda, kumi na moja kwa nne, ikaandikwa katika daftari la minutes za mkutano. Levi akazidi kusoma tarakimu hadi tone la kwanza la mvua likaangukia simu yake.

"Aiya!" akanguruma Kalunde. "Mnapigia duara kura?"

Akamfungua mbuzi wake, akaitwaa kamba ya katani iliyomfunga, akauzungushia msingi, akafunga fundo ilipokutana. Akainyoosha juu ya waya, akaongeza shibiri moja ili ncha zipishane.

"Kata hapa, Chairman."

Mbithi, mbele ya wanawake kumi na wanne waliomkazia macho, akakata. Waya ukafunga duara sawasawa, na kufikia jioni ukuta ulisimama chini ya turubai.

Mbuzi naye, akiwa huru, aliutafuna ukurasa wa ile kura, ndiyo maana kumbukumbu yake imebaki kwangu peke yangu. Namba ile, asema Levi, ingali inaendelea. Kalunde anachota maji mlangoni pake.