Asali Si Sukari

Jumatatu, Agosti 4
Mapinduzi yameanza! Sukari nje. Mafuta ya kukaangia nje. Unga wa ngano nje. Kibanda changu hapa Laini Saba sasa kinauza chai na mandazi ya afya peke yake. Nimeandika mlangoni kwa chaki: LUSWETI AFYA HOTELI. Jirani yangu Hadia, yule Mnubi wa mahamri, alisoma akauliza nimekuwa daktari lini. Wivu! Mamake aliuza mahamri palepale, naye hajabadilisha hata sufuria.

Jumatano, Agosti 6
Mandazi ya mtama na ovakado yamekataa kuumuka. Yametoka ya kijani. Mafundi wa jua kali walikuja, wakanusa, wakahamia kwa Hadia. Mke wangu Nasipwondi anasema hata kuku wameyakataa. Kuku wanajua nini?
Amebaki Ambrose, fundi wa kuchomelea vyuma. Ana ugonjwa wa sukari. Miaka yote anakunywa chai chungu huku akitazama vikombe vya wenzake. Leo nimemtilia asali. Alishtuka. Nikamweleza: sukari hutoka kiwandani, asali kwa nyuki, na nyuki hana kiwanda. Akauliza kama nina hakika. Kabisa! Akanywa amefumba macho. Nusura nilie. Akaomba kikombe kingine.

Jumamosi, Agosti 9
Ambrose anakunywa asubuhi, mchana na jioni. Hadia amekuja mwenyewe, mikono imejaa unga.
"Lusweti, bwanangu Farouk alikufa na sukari. Asali ni sukari. Usimpe huyo mtu."
Nikamjibu kwamba biashara ikimshinda asimsingizie marehemu. Akarudi kwa mahamri yake. Nimemweza!
Ambrose anachechemea. Bati lilimkata wayo, na kidonda hakikauki. Lakini anasema hasikii uchungu hata kidogo. Asali inafanya kazi.

Jumanne, Agosti 12
Ambrose hakuja. Mkewe, Lavender, alipita akisema mzee ana kiu isiyoisha, anakojoa kila saa na kuongea ovyo. Homa tu. Nilimpa chupa nzima ya asali ampelekee. Bure. Mimi si mchoyo.

Alhamisi, Agosti 14
Nimetoka hospitali. Ambrose alizirai jana. Kidonda kilikuwa kimeoza mpaka ndani. Wamemkata mguu, chini ya goti.
Daktari aliuliza mgonjwa amekuwa akila nini. Lavender akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.
"Asali," akasema. "Mwenye alikuwa anampea ni huyu hapa."
Daktari akasema mwili haujali utamu umetoka kwa nyuki au kiwandani. Alisema polepole, kama anaongea na mtoto. Sikupenda.
Nilingoja Ambrose anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Lusweti, sasa nitasimama aje kwa kazi?"
Nikamnyooshea blanketi. Upande mmoja lililala bapa.

Jumapili, Agosti 17
Usingizi hauji. Hadia amefunga kibanda, yuko hospitali na Lavender. Wateja wake walifika mlangoni kwangu, wakasoma, wakarudi nyuma. Nasipwondi ameyafuta yale maandishi kwa kitambaa cha maji. Eneo lote linasema kosa ni langu.
Basi nimekaa chini nikajichunguza, kwa unyenyekevu. Ni kweli, tulikosea. Nilimwamini mdudu! Nani anajua nyuki amepita wapi hapa Nairobi, ametua juu ya soda gani?
Jibu ni tende. Tende ni tunda. Huota juu ya mti, hukaushwa na jua, hakuna mdudu, hakuna kiwanda. Daktari gani atamkataza mgonjwa tunda? Nimeshazitwanga zikawa uji mzito mweusi, mtamu kushinda asali.
Kopo la kwanza nimelifunga vizuri. Kesho nampelekea Ambrose wodini.