Malimau ya Plastiki kwa Shangazi Nurila

Jumatatu, 9 Septemba
Kazi imeanza! Shangazi Nurila amenipa nyumba yake niiuze. Ghorofa tatu, roshani inatazama milima. Marehemu mumewe aliijenga enzi za pesa za kuchezea. Nina mpaka Jumapili. Nikishindwa anampa Rahat, dalali mwenye meno meupe na gari jeupe, ambaye tangu darasa la nne hajawahi kunishinda kwa haki. Shangazi anataka kuhamia Karaganda kwa binti yake kabla mjukuu hajazaliwa. Nimemwambia aanze kufunga mizigo.

Matajiri wa hapa mjini Almaty hawanunui nyumba, wananunua picha ya gazetini. Kwa hiyo nimeficha ghalani mazulia ya ukutani, masanduku, na yale magodoro ya viraka yaliyorundikwa mpaka dari. Nimeazima kwa Oralbai, mwenye duka la fanicha: sofa jeupe, chombo cha maua cheusi kirefu, na mchoro wa mistari mitatu. Mezani nimeweka bakuli la malimau ya plastiki. Hayo nimenunua mwenyewe. Shangazi kauliza malimau bila chai ni ya nini. Nikayapanga upya kitaalamu.

Jumanne, 10 Septemba
Rahat kachungulia getini. Kasema sebule imekuwa kama kwa daktari wa meno. Wivu tu.

Nimemwomba Shangazi aende kwa jirani wateja wakija. Akauliza nani atawapokea wageni. Nikamweleza kwamba si wageni, ni wanunuzi. Alinitazama kama nimeitemea mate supu yake. Atabaki.

Jumatano, 11 Septemba
Wateja wa kwanza! Mke na mume, wote madaktari, viatu vya bei mbaya. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mke aliposema chombo cha maua ni kizuri.

Basi tena. Kwetu mgeni akisifu kitu ndani ya nyumba yako, umeshampa. Hilo nalijua tangu utotoni. Baba yangu alipoteza baiskeli mbili kwa namna hiyo. Ila sikuwaza kama desturi inagusa na vitu vya kuazima. Kufumba na kufumbua Shangazi keshakifunga kwa mtandio wake. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba ni cha Oralbai. Akasema Oralbai ni kijana mwenye adabu, ataelewa.

Wameondoka na chombo. Nyumba wameiacha.

Alhamisi, 12 Septemba
Leo nimekuwa mjanja. Nimewasubiri wateja mlangoni, nikawaomba kwa heshima zote wasisifu chochote humo ndani. Wakatazamana. Wakagongagonga kuta, wakauliza kama kuna mtu kauawa humu. Babu yao tu ndiye aliyekaa kwenye sofa, maumivu ya mgongo yakamwachia, akasema sofa hili ni dawa.

Walikuja vijana wanne kulibeba. Mlangoni likakwama, ikabidi niwasaidie mwenyewe kulipitisha. Aibu gani hii!

Ijumaa, 13 Septemba
Mbinu mpya: vitu visivyosifika. Nimeazima kwa kinyozi wangu mbwa mwitu aliyejazwa pamba, ana jicho moja. Mteja alipomwona tu akatokwa na machozi. Marehemu baba yake alikuwa mwindaji. Kamsifu, kamkumbatia mpaka garini.

Mchoro nao umekwenda. Kausifu fundi bomba, ambaye wala hanunui nyumba.

Jumamosi, 14 Septemba
Sebule tupu. Yamebaki malimau.

Shangazi hakunilaumu. Alirudisha mazulia yake ukutani, akatandika magodoro, akakaanga maandazi, akachemsha nyama ya farasi. Mimi nilikaa jikoni nimeshika kichwa, nikimwona akilini Rahat akimfungulia Shangazi mlango wa lile gari lake.

Saa sita akaja Amanbek, mwenye malori kutoka Shymkent, na mkewe na watoto watano. Walikula. Wakaongezewa. Watoto wawili wakalala palepale. Amanbek akajifuta mdomo, akaegemea ukuta, akasema, "Shangazi, nyumba yako nzuri sana."

Chai ilinimwagikia gotini. Mkewe alimfinya, lakini neno limeshatoka. Shangazi akatazama dari, akatazama picha ya marehemu, akashusha pumzi. Kisha akafungua kifundo cha mtandio, akatoa funguo, akaziweka mbele ya mgeni.

"Basi ni yako, mwanangu."

Ghorofa tatu! Kwa sahani ya nyama! Amanbek alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akazisukuma funguo, Shangazi akazirudisha. Mara tatu. Mwishowe akaapa mbele ya watoto wake kwamba atalipa bei yote tuliyotangaza, hata tenge moja haipungui, mradi Shangazi asizidi kumwaibisha. Shangazi akakubali kwa shingo upande.

Walipoondoka nikamuuliza kama kweli angeitoa. Akasema marehemu aliuza farasi miaka arobaini, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia wanunuzi. Kisha akaniongezea maandazi. Sijui farasi wameingiaje hapa. Uzee.

Jumapili, 15 Septemba
Tumeshinda tukifunga mizigo. Bila kufikiri nikasema godoro lile la bluu, nililolalia kila likizo ya utotoni, lina joto sana. Akalikunja, akanipa. Nimelia kidogo. Vumbi la mazulia.

Baada ya kutafakari sana: kilichouza nyumba ni malimau. Ndicho kitu changu pekee kilichokuwapo Jumamosi. Nimeagiza mia mbili.

Jioni Rahat kaja kutupongeza. Nikamkaribisha chai, na papo hapo nikaona nafasi yangu. Nikalisifu gari lake, mara tatu, polepole. Akanikumbusha kwa upole kwamba leo mgeni ni yeye. Kisha akatazama mlangoni, akasema buti zangu ni nzuri. Nikageuka. Shangazi alikuwa keshazishika, anazifuta vumbi.

Kesho nakwenda mimi kwake, mgeni halali, nikalisifu gari hilo ndani ya ua wake. Shangazi ameniazima ndala.