Ukuta Mkono wa Kulia

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Namshukuru Mungu. Mwalimu Demetria amekubali kucheza nami tango Jumamosi alasiri, kwenye dansi la chai la klabu yetu hapa Temeke. Mimi! Si Gaudens wa posta na suruali zake za pasi.

Tatizo dogo: tango silijui. Tatizo kubwa: Mzee Mwinshehe, msimamizi wa ukumbi, ameshanionya mara mbili. Kwanza nilisimama katikati ya wachezaji nikimfundisha bibi mmoja kuhesabu hatua. Halafu nilimwacha mwingine sakafuni bila kumrudisha kwenye kiti chake, kwa sababu sambusa zilikuwa zimeletwa. Onyo la tatu, jina linafutwa daftarini.

Jumanne, 7 Agosti
Gaudens ana kitabu cha hatua za tango. Nikamwambia ni kwa ajili ya binamu yangu mgonjwa. Akanipa, mpaka saa nane tu. Bwege! (Lakini asante.)

Nimenakili ofisini nyayo zote na mishale yake. Karatasi ya kaboni, ile ya kunakilia, nikaiweka chini ya karatasi, uso wa wino juu, nisichafue meza ya Serikali. Kumbe bahati! Nyayo zimejichapa mgongoni mwa karatasi, nyeusi, safi kuliko penseli yangu. Nitafuata upande huo.

Ijumaa, 10 Agosti
Siku tatu nacheza na kigoda juu ya nyayo za chaki. Bibi Jovina mwenye nyumba ameuliza kama nimepandwa na shetani. Nimemshukuru kwa kunijali. Sasa naweza hata nikifumba macho.

Jumamosi, 11 Agosti
Aibu! Santuri ikaanza, nikamshika Mwalimu Demetria, tukaondoka vizuri kabisa. Watu wote wanakuja usoni kwetu! Nikajiuliza wamefundishwa na nani. Nikawapungia mkono wageuke. Jozi ya kwanza ikatukwepa, ya pili ikatukwepa. Ya tatu alikuwa Gaudens. Ugoko wake ukakutana na kiatu changu, akakaa chini pamoja na binti wa watu.

Filimbi. Santuri ikanyamazishwa. Mzee Mwinshehe akauliza ni nani huyo asiyejua kwamba anayecheza huzunguka ukuta ukiwa mkono wake wa kulia. Kalamu tayari mkononi.

Mwalimu Demetria akanitangulia. Akamwamkia Mzee shikamoo, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyenivuta upande ule. Mwalimu mzima, uongo, kwa ajili yangu! Akaandikiwa onyo, la kwanza maishani mwake, akakalishwa mpaka chai. Nilitaka kusema kweli. Nikafungua mdomo. Nikaiona kalamu. Nikaufunga.

Nilimrudisha kwenye kiti chake. Hilo nililikumbuka. Nikampa sambusa zangu zote mbili. Sijapata kutendewa wema kama ule, na njiani nililia kidogo.

Jumapili, 12 Agosti
Baada ya misa Gaudens akaja akichechemea, kuuliza hali ya binamu. Nikashindwa kuendelea, nikamwonyesha karatasi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti kaboni niliipindua, kulia kukawa kushoto, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Akasema hana kinyongo. Kitabu akaniachia kabisa! Mtu mwema, pamoja na suruali zake.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimewaza. Gaudens anajua stempu, mambo ya kaboni atuachie makarani. Kosa lilikuwa la kigoda: kina miguu mitatu.

Lakini wema haulipwi kwa maneno matupu. Kwa hiyo nimewachorea wanachama wote hatua za rumba kutoka kitabuni, nakala ishirini na mbili, mpaka vidole vimekufa ganzi. Mzee Mwinshehe amefurahi, atazigawa kabla ya Jumamosi. Nimemwambia wafuate upande mweusi. Kaboni niliiweka kwa uangalifu, uso juu, meza ya Serikali haina hata doa.

Sifa sikutaka. Chini ya kila nakala nimeandika kwa herufi kubwa: IMETAYARISHWA NA MWALIMU DEMETRIA.