Ombi la Bunduki Nyepesi ya Kufika Mtowisa

Kristiana, mama yake Isdori,
Kitongoji cha Ukingoni,
juu ya Mtowisa.

Kwa Bwana Afisa unayehusika na bunduki za askari wa wanyama waharibifu,
Sumbawanga mjini.

YAH: UZITO WA BUNDUKI YA MWANANGU NA UMBALI INAKOFIKA

Bwana Afisa,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama ni mimi niliyekuzidi, marahaba mwanangu, na uvae sweta ukitoka ofisini, maana nasikia huko mjini baridi imeshaanza. Sisi huku ukingoni hatujambo wote, isipokuwa mimi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu Timoth alitaka kuniandikia, nimemkatalia, kwa sababu kila nikisema jambo yeye anasema hilo siyo la muhimu, tuendelee. Mwalimu hana mtoto bondeni. Mwenye mtoto bondeni ndiye anayejua la muhimu ni lipi.

Mimi ni mama mzazi wa Isdori, askari wa kijiji anayelinda mashamba ya mpunga kule Mtowisa yasiliwe na nyati na nguruwe pori. Wiki mbili zilizopita mlituma kijana kwenye mkutano wa hadhara, akasema ofisi itanunua bunduki mpya za hao askari, ila bado mnachagua kati ya aina mbili: nzito kama ile ya zamani waliyoizoea, na nyepesi ya kisasa inayopiga mbali. Akasema mwananchi mwenye maoni aandike. Mimi ninayo, na nimeyapa namba ili usichoke njiani.

1. UZITO. Mwezi uliopita Isdori alipita nyumbani akiipeleka bunduki ya sasa mjini kukaguliwa. Haikuwa na risasi, nilimuuliza mara tatu. Nikamwambia twende zahanati. Tulimkuta Nesi Avelina, tukaining'iniza kwenye mizani ya watoto, ile yenye suruali. Ikasoma kilo nne na nusu na kidogo. Nesi akasema huo ni uzito wa mtoto wa miezi miwili anayenyonya vizuri, akavuta kadi aandike, ndipo akakumbuka. Sasa Bwana Afisa, mtoto wa miezi miwili sisi tunambeba tukichoka tunampa bibi yake, bibi akichoka anampa shangazi. Isdori anabeba peke yake kutwa nzima, kwenye joto la bondeni linaloyeyusha mpaka sabuni, na hakuna wa kumpokea. Hiyo nyepesi nimeambiwa ina kilo mbili na robo tatu. Huyo ni wa kuzaliwa leo asubuhi, tena njiti kidogo. Naomba iwe hiyo.

2. BEGA. Isdori akiwa darasa la tatu alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akavunjika mfupa wa bega la kulia. Ulipona, lakini mimi najua ulipo. Mwenzake wa kazi anaitwa Amos, kijana mkubwa wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, mtani wetu, naye anapinga bunduki nyepesi. Aliniambia, "Mama, au tumchongee mwanao bunduki ya mabua ya mahindi?" Nikamwacha acheke amalize. Alipomaliza akanieleza vizuri kwamba bunduki nzito inaumeza mshindo wake yenyewe, lakini nyepesi inamrudishia mwenyewe begani, kama teke la punda. Nimelikubali, mimi si mbishi. Kwa hiyo nimeshona kimto cha blanketi, nikakijaza pamba ya godoro, kinafungwa begani kwa kamba mbili. Isdori anasema ni afadhali teke. Ninachoomba ni kwamba kimto hicho ofisi ikifanye kuwa sare ya kazi, kiwe na mhuri, askari wote wakivae, ili asione aibu peke yake. Niko tayari kushona vingine. Cha Amos kitahitaji godoro zima.

3. MITA MIA NNE. Kijana wenu alijisifu mkutanoni kwamba bunduki hii, ukiifunga na darubini yake, inampata mnyama aliye mita mia nne. Watu wakapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nikahesabu hatua ndefu mia nne kuanzia mlangoni kwangu. Zinaishia kwa jirani yangu Fortunata, tena kabla ya kufika chooni kwake. Bwana Afisa, asubuhi ikiwa tulivu, Fortunata akikohoa mimi namwitikia. Hapo ndipo mbali? Nyati aliyekasirika akitoka kwa Fortunata kuja kwangu, hata Baba Yetu hujaifikisha kwenye mkate wetu wa kila siku.

Sisemi hivi kwa kukisia. Mwaka jana nyati mwenye jeraha alimwinua Wilibrodi, askari mwenzao, akamvunja paja, na mpaka leo anatembelea fimbo. Siku ile Isdori alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yake. Isdori mwenyewe hakuniambia. Niliambiwa na mama yake Wilibrodi, kanisani, tukiwa tumepiga magoti.

4. UMBALI NINAOUTAKA MIMI. Kwangu ni ukingoni kabisa. Nikitoka nje asubuhi baada ya mvua naiona Mtowisa yote chini, mabati yake, mashamba yake, mpaka ziwa Rukwa likimeta kule nyuma. Moshi ukipanda najua wameanza kupika. Kwa macho ni hapo tu. Ile safari ya nusu siku ya kushuka kule ni ya barabara, kwa sababu inazunguka na kuharibika, lakini risasi haipandi gari. Kwa hiyo naomba mchague bunduki ambayo Isdori akiwa amekaa kwenye kigoda uani kwangu, inafika Mtowisa. Mwenyekiti wa kijiji cha kule atapiga simu aseme nyati ameingia shamba fulani, Isdori ataweka kikombe cha uji chini, atapiga, kisha ataendelea na uji kabla haujapoa.

Nilimpa Amos mpango huu kwa simu. Akasema risasi ikienda mbali sana inashuka. Nikamwambia ndiyo vizuri, bondeni ni chini. Akasema pia upepo utaisukuma pembeni. Hilo nalo nimelifikiria. Nitaanika kanga kwenye kamba, nyekundu ili aione vizuri, nayo itamwonyesha upepo unaelekea wapi kabla hajapiga. Amos akasema salio la simu linaisha.

5. FAIDA KWA SERIKALI. Usione nampendelea Isdori tu. Waleteni askari wote wakae hapa ukingoni, kila mmoja na kigoda chake. Nitawapikia ugali wa ulezi na maharage, ofisi haitanunua hema wala mabuti wala dawa za malaria, maana mbu wa bondeni hawapandi huku. Tena Ufipa yetu ina kingo mbili. Mchana wakishamaliza kazi ya Rukwa, wanachukua vigoda vyao wanahamia upande wa ziwa Tanganyika, wanawasaidia ndugu zetu wa Kirando, ambao nasikia kiboko akitoka majini anakanyaga dagaa walioanikwa. Kwa hiyo bunduki moja, mabonde mawili, na jioni kila kijana analala kwa mama yake. Sijui kwa nini jambo hili halikufikiriwa tangu zamani. Nadhani ni kwa sababu wanaochagua bunduki ni wanaume.

6. USALAMA. Najua utasema kuna watu kule chini. Hata mimi nimewaza hivyo, usingizi ukanipotea. Basi kabla ya Isdori kupiga, darubini nitaishika mimi kwanza. Nitaangalia shamba lote, kona kwa kona, na kama kuna mama amesimama, au mtoto, au hata bata wa mtu, hapigi. Atasubiri. Nikiwa sijaridhika atasubiri mpaka kesho. Nyati atakuwa amekula mpunga, ndiyo, lakini hakuna atakayelia msibani. Kama sheria inataka mwenye kushika darubini awe na cheo, nipeni cheo chochote kidogo, mshahara sitaki.

Hayo ndiyo maoni yangu. Namba zingine ninazo, ila karatasi inaisha na Nesi Avelina, aliyenipa hii, ameanza kuniangalia.

Nisalimie wote hapo ofisini: dada anayepokea barua, mlinzi wa getini, dereva, na yule kijana wa mkutanoni aliyekuja huku na viatu vya wazi wakati wa matope, mwambie kikohozi chake nilikisikia na anywe asali. Msalimie mkeo na watoto. Mama yako akiwa hai, msomee barua hii yote kabla hujaamua, na chochote atakachosema, mimi nitakikubali.

Ni mimi nisiyelala kwa ajili ya bega la mtu mwingine,

Kristiana

N.B. Bwana Afisa, Nesi ameniongezea karatasi. Barua hii imekaa hapa siku tisa ikisubiri mtu wa kwenda mjini, na katika siku hizo Isdori alipewa mapumziko kwa sababu bega lilivimba. Akaja nyumbani. Akakaa kwenye kigoda, uani, ukingoni, kama nilivyokueleza kwenye namba nne.

Siku ya kwanza nilichinja kuku. Siku ya pili nilimshukuru Mungu. Siku ya tatu akaanza kunionyesha namna ya kufunga mbuzi. Nimefunga mbuzi miaka thelathini. Siku ya nne alimfukuza mbuzi wa Fortunata mara nne kwa filimbi, akaandika kwenye daftari saa aliyoingia na saa aliyotoka. Kuku wangu wamehamia kwa watu. Siku ya tano aliniuliza kwa nini nimekwenda dukani mara mbili badala ya kupanga safari moja.

Haya yote ningeyavumilia, mimi ni mama. Lakini siku ya saba Amos alipiga simu, nyati wameingia shamba la Rhoda, mjane mwenye watoto wanne, na yeye Amos yuko peke yake. Isdori aliisikiliza simu hiyo amesimama. Ilipokatika aliendelea kusimama, ameelekea Mtowisa, na hapo kwa macho ni karibu kabisa, na hakukuwa na kitu chochote anachoweza kufanya. Uji ulipoa. Baadaye Amos akatuma ujumbe kwamba wametoka, nusu shamba limeliwa, watu wote wazima. Isdori hakula usiku wala asubuhi yake. Nikamwambia, "Nenda."

Akasema, "Bega bado, mama."

Nikamwambia, "Bega nalijua kuliko wewe. Nenda."

Ameondoka leo na basi la kwanza, anapiga miluzi. Barua hii nampa dereva wa lori la mahindi aipeleke mjini, kwa sababu nimeshaiandika na karatasi ni ya serikali.

Kwa hiyo naomba ufute namba zote. Nunua ile nzito waliyoizoea, iumeze mshindo wake vizuri. Na kuhusu umbali, isiwe ya kupiga mbali hata kidogo, ili awe kulekule kazi iliko, na Amos awe pembeni yake. Weka mita thelathini. Au hamsini, maana nyati ana mbio. Basi weka mia, Bwana Afisa, weka hata hizo mia nne, lakini isifike kwangu.