Koti la Turubai

Jumamosi, 6 Aprili

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho kukuandikia mimba ilikuwa ya miezi saba. Leo mtoto ana meno mawili, na anayatumia. Sababu ninazo. Usingizi ndio sina.

Habari yenyewe: mume wangu anakwenda porini kuwinda swala, siku nne, na wenzake watatu. Kibali kimetoka katikati ya mvua! Mwaka jana alirudi kutoka huko amelowa chapachapa, akalala wiki tatu, kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Niliogopa kubaki mjane na tumbo changa. Sitaki tena. Nimemwambia bila koti la maana hatoki mtu hapa. Akasema sawa, mama.

Jumapili, 7 Aprili

Wifi kanitangulia! Dada yake mkubwa huyo. Kaja na koti la njano, linang'aa, zipu mpaka kidevuni. Akasema mdogo wake hatauawa na mvua yeye akiwa hai. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayenyesha.

Nilishukuru. Kisha nikalipapasa. Jepesi kama karatasi ya pipi. Mwiba mmoja tu, kwisha habari. Na njano! Swala ana macho. Nikamwambia litafaa sana harusini. Akajibu harusini nitafute langu, hilo ni la porini.

Haya. Tutaona.

Jumanne, 9 Aprili

Turubai! Linafunika mizigo ya lori miaka kumi, juani na mvuani, halichaniki. Jirani yetu dereva alikuwa nalo kuukuu, kanipa upande ulio mzima. Nikakata kwa kufuatisha shati la baba mtoto. Cherehani ikavunja sindano tatu, ikagoma. Nikalipeleka kwa fundi viatu. Akauliza ni la ng'ombe au la punda. Nikamwambia ni la mume wangu. Akashona kwa heshima.

Limekwisha. Linasimama lenyewe! Nimelisimamisha sebuleni, mtoto akalia akidhani mgeni.

Alhamisi, 11 Aprili

Majaribio. Nikamsimamisha mume wangu uani ndani ya koti, nikammwagia ndoo saba. Mbili za kwanza alicheka. Turubai halikupitisha tone. Matundu ya sindano yalipitisha mto. Mabega yote maji! Akaanza kusema labda lile la dada... Nikamwambia simama hapo hapo.

Dawa nimeipata kwa muuza nyama: mafuta ya ng'ombe. Nimeyayeyusha, nimepaka mshono mmoja mmoja, ndani na nje. Ndoo tatu nyingine. Kavu! Harufu ipo, sikatai. Na akitembea analia kwaru, kwaru, kama bati lililong'oka. Nimemshauri atembee polepole.

Ijumaa, 12 Aprili

Wameondoka asubuhi. Aliulizia la njano. Nikasema atalikuta akirudi. Si uongo: liko kitandani kwa mtoto, chini ya shuka. Wenzake walikuja na mbwa wawili. Mbwa walimpenda mume wangu papo hapo. Nikaona ni dalili njema.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua tangu juzi, haivuti hata pumzi. Nakaa nahesabu mishono. Ule wa kwapa la kushoto, niliupaka? Sikumbuki. Akirudi anakohoa, si mvua, ni mimi. Kwa ajili ya kumshinda wifi!

Wifi mwenyewe kaja. Akamnyanyua mtoto ambadilishe, akaona njano. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha koti, wifi. Nikasubiri radi. Akafuta mkojo, akagusa godoro chini yake. Kavu. Akasema kumbe kweli halivuji. Kisha akakaa, akasema na yeye hajalala tangu Ijumaa. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimkanda kifua. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tukakunja nepi wawili, tukisikiliza mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Karudi! Mkavu! Nimemwekea sikio kifuani hata viatu hajavua. Kimya. Kimya kitamu! Nikakaa pale pale mlangoni. Wifi akalia, kisha akadai ni moshi wa jiko. Jiko lenyewe halijawashwa.

Kumbe ilikuwa hivi. Saa ya kwanza tu, swala wote walisikia kwaru, kwaru, wakahama pori. Mbwa wakaacha kunusa nyayo, wakawa wanamlamba yeye mgongo. Mkubwa wa wawindaji akamwambia, ndugu yangu, tunakupenda, lakini baki kambini. Basi akalitandaza koti juu ya vijiti vinne, akakaa chini yake na moto na sufuria mpaka leo. Wenzake na makoti yao mepesi wamelowa mpaka mifupani, wanakohoa kwa zamu. Swala, hata mkia.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu akasema, kwa upole wake, kilicholowa ni miguu tu.

Miguu!

Jumanne, 16 Aprili

Nimelala saa sita mfululizo. Akili imefunguka. Koti limefaulu, hilo halina ubishi. Sasa viatu. Wifi kasema nina wazimu, kisha akauliza kama jozi yake itakuwa tayari kabla ya mvua kwisha. Nimempigia dada yangu, mumewe ana gereji, na hii hapa orodha nisije nikasahau. Bado anitumie:

mipira ya ndani ya tairi za lori, minne, isiyo na kiraka;

gundi ya pancha, kopo zima, si lile la nusu alilotaka kunipa;

mkasi wa kukatia mpira;

pampu ya baiskeli. Na vali zisikatwe! Nataka viatu vijazwe upepo, ili baba mtoto asiguse ardhi kabisa.